Mistari Niliyoiruka

Ikuti,
S.L.P. ya Usharika,
Tukuyu.
18 Agosti 1996

Dada yangu mpendwa Atupele,

Pokea salamu kutoka kwenye ukungu wa kwetu, ambao mwaka huu umekataa kabisa kuondoka mlimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na wale wasichana wa bweni lako hawajakumaliza sauti kwa kuwafokea. Sisi huku tunaamka. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa natia chumvi, na unanijua, nikianza kutia chumvi siachi. Baba anaamka, Tulia anaamka, na mimi naamka wa mwisho nikiwa nimechoka kama mtu aliyelala ndani ya mfereji.

Sweta ulilotuma limefika. Ni zuri, ila linanibana tumboni. Nadhani ulipokuwa unafuma ulikuwa unamkumbuka yule Jotham wa kidato cha nne, mbavu nje. Yule hayupo tena, Dada. Huyu wa sasa ana kitambi kidogo, upara wa wastani, na kazi ambayo hakuna mtu hata mmoja katika kata nzima ya Ikuti anayeielewa.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata. Unasema umekwisha kumdokeza mkuu wa shule kwamba unaacha kazi mwishoni mwa Septemba ili uje kumtunza Baba, kama nilivyokuomba mwezi Mei, na kwamba kilichobaki ni kuandika rasmi tu. Dada, kalamu hiyo iweke chini kwanza. Usimwandikie mtu yeyote kitu chochote mpaka umesoma barua hii yote. Na usianzie mwisho, maana najua tabia yako ya kufungua barua ya nyumbani na kukimbilia chini kutafuta kama kuna aliyekufa. Hakuna aliyekufa. Rudi hapa juu tusome pamoja.

Habari za hapa ni zilezile za kila mahali. Kiwanda cha chai wengine wanasema kitauzwa, wengine wanasema kilishauzwa, na wanaofanya kazi humo ndio wa mwisho kuambiwa. Wanunuzi wapya wanakuja na magari yao, wanasifia majani yetu mpaka unaona aibu, halafu wiki inayofuata hawaonekani na majani yanakauka kwenye kikapu. Hospitalini siku hizi unachangia mpaka pamba. Tunaambiwa hili ni soko huria na tuvumilie, mambo yatakaa sawa. Nimevumilia tangu taasisi yetu ya Dar es Salaam ilipotupunguza kazini, na kama kuna kitu kilichokaa sawa kwangu ni upara.

Umeniuliza mara nyingi ile kazi ninayotumiwa kutoka Sweden ni kazi gani hasa, na mimi nimekuwa nakujibu kwa mkato kwa sababu nimechoka kuieleza. Leo nitaieleza vizuri, maana bila hiyo hutaelewa yaliyobaki.

Mwanga wa nyota ukiutawanya, unapata rangi kama za upinde wa mvua. Ukitazama kwa makini, rangi hizo zimekatwakatwa na mistari myembamba ya giza. Mistari hiyo haikai ovyo. Kila elementi ina mistari yake na mahali pake: chuma kina yake, kalsiamu ina yake, na haibadiliki, iwe kwenye nyota au kwenye taa ya maabara. Kwa hiyo mtu akitaka kujua nyota fulani ina chuma kiasi gani, lazima kwanza mtu mwingine huku duniani awe amekaa na taa ya chuma, akapiga picha mwanga wake, akaandika mstari mmoja mmoja: huu uko hapa, na nguvu yake ni hii. Hiyo ndiyo orodha. Wanaozitazama nyota ndio wanaopata sifa. Sisi wa orodha tunapata maumivu ya shingo.

Profesa Holm, yule aliyenifundisha kule, ndiye ananitumia picha za chuma, karatasi ndefu zilizokunjwa kama mikeka, pamoja na namba zilizosomwa na mashine yao. Mashine ina kasi, lakini haijui mstari na haijui uchafu. Chembe ya vumbi ikianguka kwenye picha nayo inaiandika kuwa ni chuma. Ndipo linahitajika jicho la mtu. Mimi natazama picha kwa kioo cha kukuzia, nasema huu upo, huu haupo. Nikisema haupo, unafutwa, na hakuna mtu duniani atakayeuuliza tena. Tumeifanya kazi hii miaka mingi kwa posta, na kila mara nikienda Tukuyu kutuma bahasha najiona mtu mkubwa kidogo.

Watu wa hapa wana maelezo yao. Prosper, yule mwenye duka kule Bagamoyo yetu ya Tukuyu, si ile ya pwani, aliniona nikikunjua picha mojawapo posta, akaitazama ile mistari myeusi, mingine minene mingine myembamba, akapiga kelele, "Kumbe ni wewe!" Bidhaa zote za nje zinazoingia siku hizi zina mistari ya namna hiyo mgongoni, kwenye sabuni, kwenye dawa ya meno, na Prosper akaamua kwamba mimi ndiye mtu anayejua kuisoma. Tangu hapo siwezi kupita Bagamoyo kwa amani. Wanawake wananisimamisha na mche wa sabuni: "Mwalimu, tusomee, hii ni halisi au feki?" Mwanzoni nilijaribu kueleza habari za nyota. Sasa nainusa tu sabuni na kusema ni halisi, narudi nyumbani. Nimekuwa tapeli kwa uchovu.

Sasa tuje kwa Baba. Unajua kwamba macho yalimwacha miaka mingi iliyopita, na kwamba mwezi Aprili alianguka shambani na miguu nayo ikagoma. Nikamhamishia kitanda sebuleni, karibu na dirisha, kwa sababu ndipo penye joto na ndipo penye watu. Tatizo ni kwamba sebule hiyohiyo ndiyo yenye meza ndefu na mwanga wa kutosha kwa picha zangu. Na tatizo kubwa zaidi ni Tulia.

Wewe uliyekwenda kuolewa kwa Wanyamwezi labda umesahau tunavyoishi. Mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hamtazami, hamwiti jina, akisikia kikohozi chake njiani anaingia kwenye migomba. Wengi wameshaacha, hata kanisani wanakaa benchi zinazotazamana na hawafi. Lakini Tulia ni Tulia. Nilipomwambia kwamba dunia imebadilika, akaniuliza kama dunia ndiyo iliyomlea au ni mama yake. Baba naye hakusaidia. Alisema mkamwana mwenye heshima kama huyo hajapata kumwona, na ni kweli hajapata kumwona.

Basi tukaishi hivi. Mlango wa kutoka jikoni kuingia sebuleni tukautundikia pazia la kitenge. Tulia akipika mbalaga, zile ndizi zetu, anaweka bakuli chini nyuma ya pazia, anakohoa, anaondoka. Mimi nalichukua na kumlisha Baba. Kumwogesha mimi, kumgeuza mimi. Na wakati wa kazi, Tulia anakaa kwenye kigoda nyuma ya pazia akisoma namba za mashine kwa ile sauti yake ya kwaya, mimi niko mezani na kioo nikijibu: upo, upo, haupo. Baba kitandani anasikiliza. Akichoka anaitikia, "Amina." Ungepita njiani ungedhani tumeanzisha dhehebu.

Mwanzoni mwa Mei ikaja barua ya Profesa Holm. Ni mtu mpole, kwa hiyo alianza na hali ya hewa ya kwao kwa ukurasa mzima, nikajua kuna jambo. Akasema wenzake wanaotazama nyota wamelalamika. Nyota ina mistari iliyo wazi, wameipata kwa darubini mbili tofauti, lakini ndani ya orodha yangu haimo. Walikuwa wameanza kuipa elementi nyingine, na hesabu zao zote za nyota ile zikapinda. Kisha mtu mmoja akarudi kwenye namba za mashine, akaikuta. Mashine iliiona. Ni mimi niliyesema haipo. Na si mmoja wala miwili, Dada. Profesa akauliza kwa upole kama labda picha ziliharibika njiani. Akasema kitabu cha orodha kinafungwa mwisho wa mwaka, na kama sehemu yangu haitahakikiwa upya, itabidi waiache nje yote, kazi ya miaka hiyo yote.

Nilikasirika kama mtu anayejua kwamba amekosea. Nikakunjua picha zilezile, nikachukua kioo, nikatazama mahali aliponionyesha. Hapakuwa na kitu. Karatasi nyeupe, safi kabisa. Nikasafisha kioo, nikahamisha meza, nikasubiri ukungu upungue. Nyeupe. Nikamjibu kwamba picha zao ndizo mbovu, atume nyingine. Tulia akaniuliza kutoka nyuma ya pazia kama anaweza kusaidia kutazama. Nikamwambia haiwezekani, Baba yupo. Siku hiyo mwiko ulinifaa sana.

Picha mpya zikaja. Nazo nyeupe palepale.

Siku moja mwezi Juni nikatoka kwenda Tukuyu kutuma jibu jingine la ukali. Lori la majani likakwama kwenye tope kabla hata hatujafika mbali, dereva akasema tushuke tusukume, na mimi kwa umri huu nikaona heri nirudi kwa miguu. Nilifika nyumbani mchana, viatu vyote tope, nikazunguka nyuma kuingilia jikoni ili nisigombezwe. Tulia hakuwepo jikoni. Nikasikia kicheko sebuleni.

Baba alikuwa ananiiga. "Upo," anasema kwa sauti yangu, ile ya puani, "upo… upo… haupo, futa!" Na mke wangu anacheka, Dada, anacheka mpaka anakosa pumzi, mle mle ndani, chumba kimoja na baba mkwe wake. Halafu kicheko kikaisha na nikamsikia Baba anasema kwa sauti ya chini, "Sasa tutamwambia lini?" Tulia akajibu, "Wewe ndiye baba yake." Baba akasema, "Wewe ndiye mke wake." Tulia akasema, "Mimi ni mwanamke tu, atasema namwonea." Baba akasema, "Na mimi ni kipofu tu, atasema namtakia ukipofu." Kijiko kikagonga bakuli.

Nikavuta pazia. Tulia alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, mkono mmoja umeshika kichwa cha Baba, mwingine una kijiko cha uji. Nilitegemea atakimbia. Hakukimbia. Alimfuta Baba kidevu kwanza, ndipo akanitazama. Baba akasema, "Jotham, ingia. Unanuka tope."

Mimi, badala ya kusema jambo la maana, nikauliza, "Na mwiko?"

Baba akasema mwiko umekaa palepale ulipokuwa, yeye hamwoni mkamwana na mkamwana anatazama uji. Kisha akanieleza. Mwezi Mei, nilipokuwa posta, alijaribu kushuka kitandani peke yake akaanguka tena. Akalala sakafuni akiita. Tulia alisimama nyuma ya pazia akilia, anamwambia subiri, Jotham anakuja. Baba akavumilia mpaka akashindwa, akamwambia, "Mwanangu, mimi sikuoni. Njoo uninyanyue, halafu tutaomba radhi kwa nani, tutajua baadaye." Akaja. Tangu siku hiyo, kila nikigeuza mgongo, Tulia ndiye anayemlisha na kumgeuza, na nikirudi anarudi nyuma ya pazia lake. Ndiyo maana Baba alikuwa ameshiba kila ninapoleta bakuli, na mimi nikasema ni uzee.

Nikawauliza kwa nini walinificha. Hapo Baba akamwambia Tulia aniambie.

Tulia akasema hawakunificha, Dada. Baada ya wiki ya kwanza waliacha kuficha. Walikuwa wananingoja nione mwenyewe, maana kunieleza ni kazi na mimi ni mbishi. Akawa anaacha khanga yake juu ya kitanda cha Baba. Akaacha kigoda chake karibu na mto. Sikuona. Siku moja nilipoingia kutoka uani, alikuwa amekaa pale pale kitandani, bakuli mkononi, akaamua asiondoke, nimkute, yaishe. Nikampita. Nikaenda mezani, nikaketi, nikatazama mbele yangu na kusema, "Baba, leo Tulia kachelewa na chakula." Baba akajibu, "Anakuja." Na Tulia akaendelea kukaa hapo, umbali wa mkono kutoka begani kwangu, amebana pumzi, mpaka nilipotoka. Alisema mwanzo alidhani nimemdharau. Halafu akajaribu tena siku nyingine, upande mwingine wa chumba, ndipo akaelewa, akaenda kulia kwenye migomba.

Baba alikuwa ameshajua siku nyingi. Alisema anasikia ninavyopapasa ukuta kwa kiganja kabla ya kizingiti. Alisema yeye pia alianza hivyo, wakati sisi wote tulidhani bado anaona, na aliendelea kukata matawi ya chai miaka yote hiyo kwa kuyakumbuka.

Tulia akaosha mikono, akaenda mezani kwangu. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuisogelea ile meza Baba akiwa chumbani. Nikampa picha, nikamwonyesha mahali palipoandikwa na Profesa. Hakuhitaji hata kioo. Akaweka ncha ya sindano yake ya kufumia kwenye karatasi. "Huu hapa," akasema. "Mwembamba. Na huu kando yake. Na huu." Mimi niliona sindano ikielea juu ya karatasi nyeupe.

Dada, sasa naingia kwenye lile nililokuwa nalizunguka tangu salamu.

Tulikwenda Tukuyu, mimi na Tulia, siku walipokuja madaktari wa macho wanaozunguka. Aliyenipima ni binti mdogo, ungemweka kwenye bweni lako. Akaniambia nimtazame puani, halafu akawa anasogeza kidole kutoka pembeni na kuniuliza nakiona lini. Nilikiona kilipokuwa karibu kunigusa. Akasema ni presha ya macho. Akasema haiumi, haiwashi, na inakula taratibu, pembeni kwanza na vipande vipande. Kilichonitesa zaidi ni aliposema kwamba jicho halikuonyeshi tundu. Palipokufa, kichwa chako chenyewe kinapaziba kwa rangi ya jirani. Ukitazama ukuta, kinapaka ukuta. Ukitazama karatasi nyeupe, kinapaka nyeupe, na wewe unaapa kwamba hapana kitu. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinaweza kuokolewa kwa dawa ya matone kila siku, nisiache.

Na sasa barua yangu ya Mei. Nilikuandikia kwamba Baba anahitaji mwanamke wa damu yake, kwamba mwiko umetufunga, kwamba ni wewe tu. Nilipokuwa naandika, barua ya Profesa ilikuwa mfukoni, na juma hilohilo nilikuwa nimegonga mlango wa kanisa kwa bega mbele ya wazee wote, nikacheka nao. Sikuwa na jina la kilichonipata, lakini nilijua. Niliwaza Tulia ataachwa na vipofu wawili ndani ya nyumba moja, na mmoja wao haruhusiwi hata kumsogelea. Nikaogopa. Nilikuwa nakuita uje unitunze mimi, Dada, na nikamtanguliza Baba kwa sababu kwake usingekataa. Hukukataa. Ulikubali kuacha kazi ambayo imebakiza muda mfupi ustaafu nayo kwa heshima, wakati huu ambapo watu wanalia wakiachishwa, na hukuniuliza hata swali moja. Nimeisoma barua yako mara nyingi, kwa jicho lililobaki, na kila mara nilitafuta mahali uliponigombeza. Sikupaona. Nikamwuliza Tulia kama labda pamefichwa na ugonjwa. Akasema hapana, hapapo.

Kwa hiyo usiache kazi. Baba anatunzwa vizuri kuliko nilivyomtunza mimi. Anapakwa mafuta, anaimbiwa alto. Mzee Lazaro, yule mlinzi wa mila, alisikia akaja na wenzake wawili kuuliza ni mambo gani haya, na Baba akawaambia atamtoa yule ndama jike mwekundu ampe mkamwana mbele yao, njia za zamani za kumfungua mtu na mwiko zipo, na kama hawazikumbuki yeye anazikumbuka. Wakala mbalaga wakaondoka. Pazia tumelishusha. Tulia amelishona liwe mfuko wa kuhifadhia picha.

Orodha nayo inakwenda. Tumebadilishana: mimi nasoma namba, yeye anatazama, yeye ndiye anayesema upo au haupo, na Baba ndiye msimamizi. Ni polepole, na nakuambia ukweli, inachosha zaidi kukaa na kusikia mtu akihesabu ulivyoviruka. Nilimwandikia Profesa yote bila kupamba. Amejibu kwamba kitabu kitatungoja, na anataka jina la msomaji wa pili, lichapishwe kando ya langu. Nilipompelekea Tulia habari hiyo nilidhani atafurahi. Akauliza ni jina gani wataandika. Nikasema, lako, Tulia Ambakisye. Akaruka kama kaguswa na kaa la moto: jina la baba mkwe wake, kwenye kitabu, wazungu walisome! Uji atampa, mgongo atamsugua, lakini hilo hapana. Basi itakuwa Tulia Nsajigwa, kwa jina la baba yake mzazi, na wasomi huko watadhani nilimwajiri.

Limebaki moja, na ndilo hasa lililonikalisha niandike, mengine yote ningeweza kuyaacha mpaka Krismasi. Yule binti daktari aliponiuliza nani mwingine kwetu ana macho hayo, nikasema Baba. Akaacha kuandika. Akaniuliza, "Mko wangapi kwa baba huyo?" Nikasema tuko wawili, mimi na dada yangu. Akauliza kama umepimwa.

Ugonjwa huu unatembea kwenye damu, Atupele. Umemchukua Baba, umenianza mimi, na wewe umenizidi umri. Nenda hospitali wiki hii. Usingoje likizo, usingoje goti lipone. Na tafadhali usinijibu kwamba unaona vizuri. Mimi niliona vizuri mpaka siku nilipovuta pazia. Kama huniamini, fanya hivi: kaa kitini, mtazame mwalimu mwenzako usoni, na mwambie msichana mmoja apite taratibu kutoka ubavuni mwako, asiseme neno. Mwombe huyo mwalimu akuambie msichana alisimama wapi ulipoanza kumwona. Muulize yeye, usijiulize wewe.

Baba anakusalimu. Nimemwambia kila kitu nilichoandika hapa, naye ameagiza nikuambie hivi: yeye hakumwambia mtu, akaona ndiyo ushujaa, na sasa mwanawe amefuata njia hiyohiyo. Anasema usimfuate. Tulia anakusalimu sana, anauliza rangi ya uzi unayoipenda. Wasalimie wasichana wote wa bweni, hata wale watoro. Krismasi uje, kwa likizo yako, uje kukaa na kulalamikia baridi kama mgeni. Tuandikie majibu ya daktari mara tu utakapoyapata, yawe yoyote. Nitamwomba Tulia anisomee kwa sauti ili nisiruke neno.

Ndaga fijo, asante sana, Dada, kwa kukubali kuja.

Ni mimi mdogo wako,
Jotham